Kichwa cha Kaisari juu ya Rupia

Huenda katika kisanduku cha babu, hapa Maposeni au katika kijiji kingine cha Songea, imesalia rupia moja ya zamani za Wadachi, yaani Wajerumani. Ukipewa uitazame, usiisugue kwa majivu wala mchanga ili ing'ae. Maandishi yatafutika, na sarafu isiyosomeka ni kipande cha fedha tu.

Upande mmoja utaona mtu mwenye masharubu, amevaa kofia ya chuma, na juu ya kofia yuko tai. Ukingoni pameandikwa GUILELMUS II IMPERATOR. Huyu ni Wilhelm wa Pili, aliyetawala Wajerumani toka mwaka 1888 hata 1918. Lakini maneno hayo si ya Kijerumani; ni ya Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Yamefikaje juu ya rupia?

Zamani sarafu za Rumi zilitiwa sura za miungu, au za watu waliokwisha kufa. Mwaka 44 kabla ya Kristo Julius Caesar alitiwa sura yake juu ya dinari za fedha, naye angali hai. Mwaka huo huo aliuawa na watu walioogopa kwamba atajifanya mfalme. Lakini desturi ile haikufa naye. Waliotawala baadaye walijiita Kaisari kwa jina lake, na tena imperator, maana yake jemadari mwenye amri, wakapiga sarafu zenye vichwa vyao. Magazeti hayakuwako, mkulima wa mbali aliijua sura ya mtawala wake kwa fedha aliyoishika mkononi. Kwa hiyo wakusanyao sarafu hizo hata leo waweza kuwapanga makaisari mezani mmoja mmoja: Otho, aliyetawala miezi mitatu tu mwaka 69, na Septimius Severus mwenye ndevu nyingi, Mwafrika mzaliwa wa Leptis Magna katika nchi ya Libya.

Jina la Kaisari Wajerumani walilitamka Kaiser. Ndivyo cheo cha Rumi kilivyofika Ungoni, juu ya fedha. Serikali ilipotoza kodi ya nyumba toka mwaka 1898, wengi walitoka kwao kwenda kufanya kazi ili wapate rupia, ingawa hawakujua Kilatini hata neno moja. Kodi hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji, vilivyofika Songea mwaka 1905. Mwaka 1906 Nduna Songea Mbano alinyongwa, na wazee wengi wa Wangoni pia. Sura yake haikutiwa juu ya rupia yoyote.

Rupia moja iligawanywa kuwa heller 100 toka mwaka 1904, na hapo ndipo tulipopata neno hela. Waingereza nao wakaleta shilingi yenye kichwa cha mfalme George wa Tano, maandishi yake Kilatini vilevile. Mwaka 1966 ikatoka shilingi ya Tanzania: sura ni ya Julius Nyerere, na maneno ni ya Kiswahili.