Utafiti wa maktaba mtandao: Kwa nini mada huwakwamisha wanafunzi

Na Mwandishi Wetu, Musoma

MWANAFUNZI wa chuo anayetakiwa kuandika tasnifu kuhusu maktaba mtandao na mitandao ya kijamii mara nyingi huanza na kichwa kipana, mfano "Athari za teknolojia ya habari katika maktaba za Tanzania". Miezi michache baadaye hukwama, kwani kichwa cha namna hiyo hakina pa kuanzia wala pa kuishia. Nchi ina maktaba za vyuo vikuu, ina maktaba za mikoa zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, chombo ambacho asili yake ni sheria ya mwaka 1963, na ina shule ambazo maktaba yake ni kabati moja katika ofisi ya walimu. Hakuna dodoso moja linaloweza kuziuliza zote swali lenye maana. Gharama ya kosa hilo humwangukia mwanafunzi mwenyewe: muda wa masomo huongezeka, ada nayo huongezeka.

Hata Mkoa wa Mara peke yake, wenye halmashauri tisa na watu zaidi ya milioni 2.3 kwa sensa ya mwaka 2022, ni mpana mno kwa mtafiti anayejilipia nauli.

Njia iliyo salama ni kuanza na mtu mmoja na haja yake. Achukuliwe mwanafunzi wa sekondari mjini Bunda aliyepewa kazi ya kueleza Azimio la Musoma la mwaka 1974, lile lililotaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977. Azimio hilo lina jina la mji anaoweza kuufikia kwa basi na kurudi siku hiyo hiyo. Je, atakwenda katika maktaba ya mkoa mjini Musoma, atatafuta mtandaoni kwa simu ya mzazi wake, au atauliza katika kundi la WhatsApp na kusubiri mwenzake ampigie picha kurasa za daftari? Na akijibiwa na kundi, atajuaje kwamba jibu ni sahihi?

Hapo mada imekwisha kupatikana, nayo inapimika. Mtafiti anaweza kuwapa wanafunzi 30 kazi ileile, kisha akahesabu muda walioutumia, gharama ya vifurushi vya intaneti na makosa yaliyomo katika majibu yao. Matokeo ya hesabu hiyo yatamfaa mkutubi anayetaka kujua kwa nini viti vyake ni vitupu, jambo ambalo "athari za teknolojia" kamwe haziwezi kumweleza.

Butiama inatoa mada za aina nyingine. Huko ndiko alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999, na huko ndiko iliko maktaba yake binafsi pamoja na makumbusho yenye jina lake. Kishawishi cha kwanza ni kupendekeza maandishi yote yawekwe mtandaoni. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, hivyo kazi za Mwalimu zinalindwa hadi mwaka 2049, mbali na vitabu vya waandishi wengine alivyokusanya. Swali jepesi zaidi, na pengine lenye faida kubwa zaidi, ni hili: msomi aliye mbali angefaidika vipi na orodha tu ya vitabu hivyo?

Wilaya hiyo pia ni makao ya chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu. Mpango wa AGORA, ulioanza mwaka 2003, huzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kilimo bure au kwa bei nafuu. Ni nani anayeyatoa maarifa hayo katika jarida na kuyafikisha kwa mkulima ambaye muhogo wake umepata ugonjwa wa michirizi ya kahawia? Ni afisa ugani, ni kundi la simu, au hakuna?

Kabla ya kupeleka kichwa kwa msimamizi, ni vema kikapimwa kwa siku mbili au tatu katika African Journals Online, hazina iliyoanza mwaka 1998, na katika hazina za mtandaoni za vyuo vikuu vya hapa nchini. Kukuta kazi inayofanana si msiba. Hubadilishwa mahali au kundi la wahusika. Asiyekuta kitu kabisa ajaribu maneno mengine, ya Kiswahili na ya Kiingereza, kabla ya kujitangaza kuwa wa kwanza.

Lipo pia suala la ruhusa, ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Barua ya chuo hutangulia katika ofisi za serikali na shuleni. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamhusu kila anayekusanya ujumbe wa watu kutoka katika makundi ya simu. Ridhaa ya kiongozi wa kundi haiwi ridhaa ya wanachama wote, na majina na namba za simu hufutwa kabla nakala haijafika kwa msimamizi.