Kiumbe wa Maji Mwenye Miguu Minne na Mkia

Mvua za masika zinapojaza madimbwi ya Kakamega na kingo za mito Isiukhu na Yala, watoto huenda huko na chupa zao. Mara kwa mara mmoja hurudi nyumbani na kiumbe wa ajabu: ana miguu minne, mkia mrefu, na ngozi laini yenye utelezi. Watu wazima humtazama wasijue wamwite samaki au mjusi. Mtoto hutaka kumfuga, lakini aghalabu kiumbe huyo hufa baada ya siku chache, kwa kuwa aliyemchukua hakujua ni mnyama gani, akampa chakula na makao yasiyomfaa.

KUMTAMBUA

Katika nchi za Ulaya, Asia na Amerika yuko mnyama aitwaye salamanda. Baadhi ya jamii zake hukaa majini, na watu huwafuga nyumbani ndani ya masanduku ya kioo. Umbo lake ni kama la mjusi, lakini ngozi yake haina magamba, naye ni wa ukoo mmoja na chura. Katika Afrika, salamanda hupatikana kaskazini tu, katika nchi kama Morocco, Algeria na Tunisia, Kenya hayupo. Basi mtu wa Kakamega aliyepata kiumbe mwenye miguu minne na mkia hana budi kuchagua kati ya wawili.

Wa kwanza ni mjusi. Ngozi yake ni kavu na ina magamba, na vidole vya miguu yake yote vina kucha. Huyo hakuumbiwa kukaa ndani ya chupa ya maji. Yafaa aachwe aende zake.

Wa pili ni mtoto wa chura aliyekaribia kukomaa. Mayai ya chura yaliyotagwa majini huanguliwa viluwiluwi wenye kichwa kikubwa na mkia, wasio na miguu. Kisha miguu ya nyuma huota, halafu ya mbele, na kwa siku chache kiluwiluwi huwa na miguu minne na mkia pamoja. Hapo ndipo afananapo na salamanda. Baadaye mkia hupungua polepole hata ukaisha.

Kuna mambo mawili zaidi ya kuangaliwa. Kwanza, neno kiluwiluwi hutumika pia kwa mtoto wa mbu. Huyo ni mwembamba, hana mkia mpana, naye huning'inia chini ya uso wa maji, akashuka kwa kujinyonganyonga mara maji yanapotikiswa. Viluwiluwi wa namna hiyo na wamwagwe juu ya udongo mkavu, kwa kuwa wako mbu waletao malaria.

Pili, yuko chura wa kucha, ambaye huishi majini maisha yake yote. Kiluwiluwi wake ana sharubu mbili ndefu, na mwili wake hupenyeza nuru. Mwenye bwawa la samaki aweza kumdhania mtoto wa kambare na kumlea bila kujua, kumbe akishakua atakula vifaranga vya samaki. Tofauti yao ni hii: kambare ana sharubu nane, wala haoti miguu kamwe.

KUMTUNZA

Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hutaka kibali kwa mtu afugaye mnyama wa porini. Kwa hiyo mzazi au mwalimu atakaye kuwaonyesha watoto mabadiliko hayo aulize kwanza katika ofisi ya Shirika la Wanyamapori (KWS), wala kiumbe yeyote asichukuliwe kutoka hifadhi ya msitu wa Kakamega. Akiruhusiwa, ayafuate haya:

1. Achukue viluwiluwi wachache tu, watatu au wanne, na awaweke katika karai pana lililo kivulini. Chombo chembamba hakina hewa ya kutosha, na jua kali huyapasha maji moto.

2. Maji yawe ya mahali pale walipotoka, au ya mvua. Maji ya mfereji yaliyotiwa dawa ya klorini yakae wazi mchana na usiku kwanza. Kila siku ya pili au ya tatu abadili theluthi moja ya maji, asiyamwage yote kwa mara moja.

3. Viluwiluwi wengi hula ule utando wa kijani uotao juu ya mawe. Yafaa pia kuwapa kipande kidogo cha mchicha uliochemshwa hata ukalainika. Ugali na mkate visitiwe, maana huoza na kuchafua maji.

4. Miguu ya mbele ikitokea, kiluwiluwi huacha kula, na mwili wake hutumia mkia kuwa chakula. Asilazimishwe. Wakati huo huanza kuvuta hewa ya nchi kavu; basi awekewe jiwe lililotokeza juu ya maji, la sivyo atakufa maji.

5. Ashikwe kwa mikono iliyoloa maji, isiyo na sabuni, kwa kuwa chura hupumua hata kwa ngozi yake. Baada ya kumshika, mikono na ioshwe vizuri.

KUMRUDISHA

Chura mkubwa hula wadudu walio hai, na kumlisha ni kazi ngumu. Akishapoteza mkia, arudishwe mahali pale pale alipotolewa, si katika mto mwingine wala katika bwawa la jirani.

Jambo hili si dogo. Tangu miaka ya 1930 vyura wa kucha wa Afrika Kusini walipelekwa nchi nyingi ili kupimia mimba za wanawake. Wengine waliponyoka au wakaachiliwa, na sasa wanazaana porini katika Chile, Ufaransa na Marekani, mahali pasipo kwao. Tena, mwaka 1999 wataalamu walieleza ukungu unaoshambulia ngozi ya vyura na kuwaua, ambao umeenea ulimwenguni pamoja na biashara ya wanyama hao. Mwaka 2013 ukaelezwa ukungu mwingine wa jamii hiyo, uliokuwa ukiwaua salamanda wa Uholanzi. Kwa hofu hiyo, mwaka 2016 Marekani ilikataza aina 201 za salamanda kuingizwa nchini.

Msitu wa Kakamega una aina zaidi ya 20 za vyura, na mwaka 2006 wataalamu walitangaza aina mpya ya chura wa mitini kutoka misitu ya magharibi ya Kenya. Vyura hao hula wadudu wa mashambani, nao huliwa na ndege na nyoka. Chupa moja ya maji iliyomwagwa mahali pasipofaa yaweza kuwaletea ugonjwa. Kwa hiyo mtoto arudishapo chura wake na afundishwe kurudi mpaka ukingo ule ule alikomtoa.