Kompyuta ya Dada Mpiga Picha: Rangi ya Hina na Amana ya Bi Harusi

Upande wa wanawake katika harusi zetu umezaa kazi isiyoweza kufanywa na wanaume. Bi harusi aliyejipamba, mikono ikiwa na hina na kichwa kikiwa wazi, hupigwa picha na mwanamke mwenzake, na picha hizo hazikusudiwi kutoka nje ya familia. Dada mwenye kazi hii ni msafiri. Leo yuko Tanga, wiki ijayo yumo botini kuelekea Unguja, na picha huzihariri popote alipolala. Wazazi wanaotaka kumnunulia binti wa namna hii kompyuta mpakato aghalabu huuliza jina la kampuni na bei, wakaishia hapo.

Kioo ndicho cha kutazamwa kwanza. Kariakoo kumejaa kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, na nyingi ni imara kwelikweli. ThinkPad T480, kwa mfano, ina nafasi mbili za RAM, na betri yake ya nyuma huchomolewa ikawekwa nyingine. Lakini nyingi kati ya hizo zilitoka na kioo cha kazi za barua na hesabu, chenye rangi chache. Hina iliyoiva huonekana imefifia. Mpiga picha huongeza wekundu, na albamu ikishachapishwa, mikono ya bi harusi huwa kama imechovywa kwenye rangi ya nguo. Kuambiwa kioo ni cha IPS hakutoshi. Ulizeni kama kinafikia karibu asilimia 100 ya sRGB. Bora zaidi, nendeni dukani na picha iliyochapishwa vizuri, pamoja na faili lake kwenye flashi, mvilinganishe hapo hapo.

MacBook Air ina kioo kizuri na uzito mdogo, ila RAM yake haiongezeki baada ya kununuliwa. Basi ichukuliwe yenye GB 16 tangu mwanzo. Picha ghafi ya kamera ya megapikseli 24 hufikia takriban MB 25 au 30, hivyo harusi ya picha 1,500 yaweza kula GB 40. Diski ya SSD ya GB 512 yatosha kwa kazi iliyo mkononi. Zilizokamilika zihamishiwe kwenye diski mbili za nje, moja ikibaki nyumbani. Betri ya akiba na pawabanki, kwa anayepanda ndege, hukaa kwenye mkoba wa mkononi, si katika mizigo ya chini.

Kuhusu malipo, wanazuoni wengi wameruhusu kununua kwa awamu, maadamu bei moja imekubaliwa kabla ya kuachana. Someni mkataba hadi mwisho: kipengele cha kumlipa muuzaji nyongeza kwa kuchelewa ni riba, hata kikiitwa ada.

Linalonishughulisha zaidi ni picha zenyewe. Kompyuta huibwa stendi, husahauliwa kwenye bajaji. Neno la siri la kuwashia halizuii mtu kuchomoa diski na kuisoma katika mashine nyingine. BitLocker iliyomo katika Windows Pro, na FileVault ya Mac, huyageuza yaliyomo yasisomeke bila ufunguo. Ziwashwe kabla ya harusi ya kwanza, na ufunguo wa akiba uandikwe na kuwekwa nyumbani. Diski za nje nazo zifungwe vivyo hivyo, maana ndizo zenye harusi zote. Fundi anayebadilisha kibodi hana haja ya kufungua mafaili, hata akisema anataka kujaribu tu. Na siku kompyuta itakapouzwa, kutupa picha kwenye kapu la taka hakuziondoi, kwani zipo programu za kuzirudisha. Diski ifutwe yote, au ichomolewe, na mnunuzi aambiwe mapema kwamba anauziwa kompyuta isiyo na diski.