Mtani Wako ni Nani? Utangulizi wa Somo la Utani

Vitabu vingi vya kuwafundisha watu kuishi na wenzao wa tamaduni nyingine hujaa orodha za adabu: huku usimpe mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto, kule usimtaje mkweo kwa jina. Orodha hizo zina kazi yake. Mgeni anayezipuuza ataonekana hakulelewa. Ila zinakuonyesha upande mmoja tu, wa kumheshimu mtu. Somo unaloingia sasa linauliza upande wa pili: ni nani umeruhusiwa kumvunjia heshima, hadi wapi, na una wajibu gani kwake?

Chukua ofisi yoyote ya serikali pale Dodoma. Mhasibu, Mhehe, anaingia amechelewa. Karani, Mngoni, anatangaza kwa sauti kwamba wasimlaumu, mbwa wa jirani alikuwa mgumu kuiva. Mhasibu hata hageuki. Anauliza tangu lini mtumwa wake akaanza kusema kabla hajamwamkia bwana wake shikamoo. Ofisi nzima inacheka, kazi zinaendelea. Mgeni aliyehamia juzi kutoka Nairobi amekodoa macho, anasubiri ngumi. Kesho yake, akidhani ameshaelewa, naye anamtupia mhasibu maneno yaleyale. Hapo hacheki mtu.

Kosa lake si maneno, maana maneno ni yaleyale. Yeye si mtani. Mngoni na Mhehe wana historia inayowapa haki hiyo, na historia yenyewe ni ya damu: Wangoni, waliohamia kutoka kusini mwa Afrika, walipigana na Wahehe mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880, vita vikaisha bila mmoja kumtiisha mwenzake. Si kila utani ulizaliwa vitani. Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara kati ya Tabora na Bagamoyo katika karne ya 19 walipita nchi za watu wengi, Wazaramo wakiwamo, wakihitaji maji, chakula na mahali pa kulala. Na wapagazi walikufa njiani, mbali na ndugu zao. Nani awazike?

Swali hilo, kwa maoni yangu, ndilo moyo wa somo zima. Anayeujua utani kwa mizaha ya ofisini tu, au kwa magazeti yanayowaita Simba na Yanga watani wa jadi, ameona ngozi. Nenda msibani. Wafiwa wanalia, na katikati yao mtani anapita kavaa koti la marehemu, anaigiza mwendo wake na jinsi alivyokuwa mgumu wa kulipa madeni. Mwingine ametwaa kuku, na hakuna wa kumnyang'anya. Kaburi likishachimbwa, mmoja anashuka na kujilaza humo, anagoma kutoka mpaka walipe. Wanalipa, fedha kidogo, huku wajane wakicheka na machozi yakiwatoka. Lakini mtani huyohuyo ndiye aliyeshika sururu tangu alfajiri, na pengine ndiye aliyebeba habari za kifo kwa jamaa wa mbali. Ukimwondolea kazi hiyo, unabaki na mtu mwenye mdomo mchafu.

Wasomi walichelewa kidogo kuliona hili. A. R. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 makala maarufu kuhusu mahusiano ya utani, akieleza hali ya watu walioungana na kutengana kwa wakati mmoja, ambao mzaha huwawezesha kukaa pamoja bila kugombana. Nadharia nzuri, ila ukiisoma peke yake utadhani utani ni maneno matupu. R. E. Moreau, aliyeandika mwaka 1944 kuhusu utani wa Tanganyika, alikuwa mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, milima ya Usambara. Huenda mazoea ya kutazama kwa subira yalimsaidia. Miaka ya 1970, Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya maelezo ya utani wa makabila mengi ya Tanzania, na hazina hiyo bado haijachimbwa ipasavyo.

Usiingie ukidhani unasoma habari za amani tu. Bosi anapomtania mfagiaji, je, mfagiaji ana uwezo wa kujibu kwa uzito uleule? Mwanamke anayeshikwashikwa na mwenzake kazini kisha akaambiwa “si mtani wangu huyu” ana haki ya kukataa, na mtafiti asimfiche nyuma ya neno mila. Tena kuna majirani wengi tu wasio na utani kati yao, nao huishi kwa njia nyingine, ambazo nazo zinangoja wa kuzichunguza.

Ukianza utafiti wako, basi, usikusanye vichekesho kwanza. Kaa na wachimba kaburi, uliza kila mmoja amekuja kwa haki gani. Halafu mtafute kijana wa Temeke ambaye mama yake ni Mzaramo na baba yake Mnyamwezi, umuulize atazikwa na watani wa upande gani. Wajomba zake wana jibu, na baba zake wadogo wana lao.