Kunguru wa Kariakoo: mtambue kwa shingo

Ukifika Kariakoo asubuhi, ndege tunayemwona kwanza ni kunguru, anapekua taka za sokoni. Mtazame shingo: ni ya kijivu. Huyo si wa asili. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka, akaenea hadi huku Dar es Salaam. Kunguru wetu wa asili ana kifua cheupe. Mjini siku hizi ni wa kutafuta, maana mgeni humfukuza.

Mgeni huyu hula mayai na makinda ya ndege wengine, hata vifaranga vya kuku. Ameshafika Morogoro na Dodoma. Ukimwona kijijini kwako, mpige picha kwa simu, umwoneshe ofisa wanyamapori wa wilaya wangali wawili watatu. Wakishazaliana, huku kwetu hata mitego na sumu havikuwamaliza.