Riwaya kama Amana: Maoni ya Watazamaji wa Filamu za The Lord of the Rings na Dhana ya Uaminifu katika Uhawilishaji

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dhana ya uaminifu inavyojitokeza katika maoni ya watazamaji wa filamu tatu za The Lord of the Rings (2001–2003), alizoziongoza Peter Jackson kutokana na riwaya ya kifantasia ya J. R. R. Tolkien. Wananadharia wengi wa uhawilishaji wamekikataa kigezo cha uaminifu, na kwa sababu hiyo maoni ya watazamaji wanaokitumia huelekea kuchukuliwa kuwa malalamiko yasiyo na uzito wa kihakiki. Kwa kuongozwa na nadharia ya upokezi, makala yanajenga hoja kwamba maoni hayo ni usomaji wa riwaya: mtazamaji anayedai kuwa filamu imeisaliti kazi asilia anatamka, hata bila kukusudia, kile anachokiona kuwa kiini chake. Mifano minne inajadiliwa: kuachwa kwa Tom Bombadil, kubadilishwa kwa Faramir, namna Gollum anavyoanguka, na kuondolewa kwa sura ya vita vya Shire.

1.0 Utangulizi

Riwaya ya The Lord of the Rings ilichapishwa katika majuzuu matatu kati ya mwaka 1954 na 1955. Karibu nusu karne baadaye, Jackson aliihawilisha katika filamu tatu zilizopigwa New Zealand na kutolewa moja kila Desemba, kuanzia mwaka 2001 hadi 2003. Filamu ya tatu ilipata tuzo zote 11 za Oscar ilizoshindania mwaka 2004. Kwa kipimo cha tuzo na cha mapato, uhawilishaji huu ulifaulu. Hata hivyo, mwaka 2012 Christopher Tolkien, mwana wa mwandishi na mhariri wa maandishi yake mengi, aliliambia gazeti la Le Monde la Ufaransa kwamba filamu hizo zilikiondolea kitabu undani wake na kukigeuza kuwa sinema ya mapambano kwa ajili ya vijana.

Kati ya kauli hizi mbili, ile ya tuzo na ile ya mrithi, wamesimama mamilioni ya watazamaji wa kawaida. Maoni yao yana bahati ya kuwa yamekusanywa kwa kina. Mradi wa kimataifa ulioongozwa na Martin Barker na wenzake baada ya kutolewa kwa filamu ya tatu ulipokea takribani hojaji 25,000 kutoka nchi mbalimbali, na matokeo yake yalichapishwa katika kitabu kilichohaririwa na Barker na Ernest Mathijs mwaka 2008. Pamoja na mambo mengine, wahojiwa waliombwa kuchagua aina ya hadithi waliyoona kuwa inaielezea vyema kazi hiyo: je, ni kisa cha vita, ngano, safari ya kiroho, au kisa cha nchi iliyo hatarini? Swali hilo lina maana kubwa kwa mjadala huu. Linadokeza kwamba watazamaji walioketi mbele ya kiwambo kimoja hawakuwa wakitazama hadithi moja.

2.0 Uaminifu, Amana na Upeo wa Matarajio

Katika taaluma ya uhawilishaji, neno uaminifu lina sifa mbaya. Tangu George Bluestone alipochapisha kitabu chake kuhusu riwaya na filamu mwaka 1957, wataalamu wamesisitiza kwamba sanaa hizi mbili zina nyenzo tofauti, na kwamba mabadiliko hayaepukiki pale moja inapogeuzwa kuwa nyingine. Robert Stam ameonesha jinsi msamiati wa usaliti na unajisi unavyoingiza hukumu za kimaadili mahali panapohitaji uchanganuzi. Linda Hutcheon, katika kitabu chake cha mwaka 2006, anautazama uhawilishaji kama urudiaji unaobeba tofauti ndani yake, na anakataa kuupima kwa ukaribu wake na matini asilia.

Hoja hizi zina nguvu, lakini haziwezi kulifuta neno katika vinywa vya watazamaji. Swali linalofaa kuulizwa ni neno hilo linafanya kazi gani linapotumiwa. Hapa lugha ya Kiswahili ina msaada wa pekee. Nomino uaminifu ina uhusiano wa kimzizi na kitenzi kuamini na nomino imani na amana, yote yenye asili ya Kiarabu. Amana ni kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu ili akitunze na kukirejesha. Aliyekabidhiwa amana anaweza kuihamisha kutoka kabati hadi sanduku bila kuvunja ahadi. Anachokatazwa ni kukipunguza au kukibadilisha kile kilichowekwa. Kwa hiyo, kila shutuma ya kukosa uaminifu inatanguliwa na swali ambalo mara nyingi halitamkwi: ni kipi hasa kilichowekwa amana?

Nadharia ya upokezi inaeleza kwa nini jibu si moja. Kwa mujibu wa Hans Robert Jauss, msomaji huijia kazi ya sanaa akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizokwisha kuzipokea. Wolfgang Iser naye anaeleza kuwa matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza. Mtazamaji aliyeisoma riwaya amekwisha kuyajaza mapengo hayo kwa njia yake kabla ya taa za ukumbi kuzimwa. Filamu, kwa kuwa lazima ioneshe uso mmoja, sauti moja na mlima mmoja, inashindana na filamu nyingine iliyomo kichwani mwake.

3.0 Uchanganuzi wa Mifano

3.1 Tom Bombadil: hasara inayosameheka

Katika juzuu la kwanza, Frodo na wenzake wanaokolewa na Tom Bombadil, mkazi wa msituni ambaye Pete haina nguvu yoyote juu yake. Jackson alimwacha kabisa. Wasomaji wengi walilisikitikia jambo hilo, lakini sikitiko lao kwa kawaida linaambatana na msamaha: kisa chake kinaweza kuondolewa bila mfuatano wa matukio kuvunjika.

Msamaha huu unathibitisha kwamba watazamaji hawadai kuoneshwa kila ukurasa. Wanatofautisha tukio na kiini. Wachache wasiosamehe nao wana hoja. Kwao, Bombadil ndiye ushahidi kwamba dunia ya riwaya ni pana kuliko vita vya Pete, na kwamba kuna kiumbe asiyetamani mamlaka hata kidogo. Makundi haya mawili hayatofautiani kuhusu kilichotokea katika filamu. Yanatofautiana kuhusu kilichowekwa amana na riwaya.

3.2 Faramir: mhusika kama hoja

Hali ni tofauti kwa Faramir. Katika riwaya, anapotambua kwamba Frodo amebeba Pete, anaushinda ushawishi wake na kumwacha aendelee na safari. Katika filamu ya pili, anaamua kwanza kumpeleka Frodo na Pete hadi Gondor, na anamwachilia tu baada ya kufika Osgiliath. Badiliko hili liliwaudhi wasomaji wengi zaidi ya kuondolewa kwa Bombadil, ingawa kwa kipimo cha kurasa ni dogo.

Waandishi wa filamu walikuwa na sababu. Filamu ilikwisha kuijenga Pete kuwa kitu kinachomtamanisha kila anayekikaribia; mhusika anayeikataa kwa urahisi angeidhoofisha machoni mwa mtazamaji. Kwa mantiki ya tamthilia, sababu hiyo ni ya msingi. Lakini wasomaji waliolalamika hawakuwa wakitetea tukio. Walikuwa wakitetea dai la riwaya kwamba binadamu wa kawaida, asiye mchawi wala mfalme, anaweza kuukataa uwezo mkubwa kwa sababu ya malezi na busara. Ndugu yake Boromir alishindwa, Faramir aliweza. Wakiwa wote wawili ni dhaifu, ingawa kwa viwango tofauti, ulinganisho huo unapungua makali. Lalamiko kuhusu Faramir ni uchanganuzi wa wahusika uliovaa nguo za manung'uniko.

3.3 Gollum: nani aliyeiangamiza Pete?

Mfano wa tatu unagusa sarufi ya tukio lenyewe. Katika riwaya, Frodo anashindwa katika hatua ya mwisho na kujitangazia umiliki wa Pete. Gollum anamng'ata kidole, anaipata, anacheza kwa furaha ukingoni, anateleza na kuanguka motoni. Katika filamu, Frodo anainuka na kupigana naye kuigombea Pete. Wote wawili wanavuka ukingo, na Frodo anabaki akining'inia hadi Sam anapomwokoa.

Kiswahili kinaitenga tofauti hii kwa uwazi: katika riwaya Gollum ameanguka, katika filamu, kwa kiasi fulani, ameangushwa. Kauli ya kutendwa inadai mtenda, na filamu imempata. Kwa mtazamaji asiyejua riwaya, huu ni upeo wa kusisimua unaomrudishia shujaa sehemu ya kazi yake. Kwa msomaji, kuna kitu kilichopotea. Riwaya iliifunga hatima ya Pete na huruma: Gollum alikuwa hai kwa sababu Bilbo, kisha Frodo, walikataa kumwua. Filamu ya kwanza imeyahifadhi mazungumzo ya Gandalf kuhusu huruma hiyo, hata kama imeyahamisha kutoka Shire hadi Moria. Kwa hiyo mtazamaji anayeuliza kwa nini hoja iliyopandwa katika filamu ya kwanza imevunwa nusu katika ya tatu anaihukumu filamu kwa ahadi yake yenyewe, na hahitaji kitabu mkononi ili kufanya hivyo.

3.4 Shire: nyumbani kusikobadilika

Badiliko zito zaidi ni la mwisho. Katika riwaya, mahobiti wanne wanaporejea Shire wanakuta miti imekatwa, watu wamewekewa amri za kuwadhalilisha, na Saruman ndiye aliye nyuma ya uharibifu huo. Wanalazimika kupigana nyumbani kwao. Katika dibaji ya toleo la pili, Tolkien alisisitiza kwamba sura hiyo ni sehemu muhimu ya msuko iliyokusudiwa tangu awali, na alikanusha kwamba inaakisi hali ya Uingereza wakati alipokuwa akiikamilisha riwaya. Filamu inauonesha uharibifu huo kwa muda mfupi tu, katika kioo cha Galadriel, kama jambo linaloweza kutokea. Mwishoni, mahobiti wanarudi katika Shire ileile, wanaketi kilabuni, na hakuna anayejua walikotoka.

Watazamaji wamegawanyika hapa kwa namna yenye mafunzo. Wengi wasiosoma riwaya walilalamika kwamba filamu ya tatu ina miisho mingi: kila pazia linapoelekea kufungwa, linafunguka tena. Wasomaji wengi walilalamika kinyume chake, kwamba mwisho muhimu kuliko yote haukuwepo. Kwa upeo wa matarajio wa kundi la kwanza, hadithi ni ya Pete, na Pete ikishaangamia kilichobaki ni kuaga. Kwa upeo wa kundi la pili, hadithi ni ya nyumbani, na Pete ni njia ya kufika kwenye swali la kama aliyetoka vitani anaweza kurudi. Tolkien alipigana Somme mwaka 1916. Swali hilo halikuwa geni kwake. Ifahamike pia kwamba pazia la kilabuni lina jibu lake: Shire haikubadilika, ila waliorudi ndio waliobadilika. Baadhi ya watazamaji wameliona jibu hilo kuwa chungu kuliko la riwaya.

4.0 Fanani na Hadhira Yake

Mjadala huu una mwangwi katika fasihi simulizi ya Kiswahili. Hadhira ya ngano mara nyingi inaijua ngano kabla ya fanani kufungua kinywa, na bado haimshtaki kwa kuongeza wimbo, kufupisha safari au kubadilisha mti alipojificha Sungura. Sungura anaweza hata kushindwa, kama anavyoshindwa na Kobe, na ngano ikabaki ngano. Lakini fanani akimfanya Fisi amshinde Sungura kwa mabavu tu, hadhira ina haki ya kuuliza hiyo ni hadithi gani. Ushindi wa Kobe umehifadhi kanuni kwamba mnyonge mwenye busara humshinda mwenye majivuno; ushindi wa Fisi umeivunja. Amana ya ngano ni kanuni inayoyaendesha matukio.

Watazamaji wa filamu za Jackson walifanya kazi ya hadhira hiyo. Walivumilia mabadiliko ya matukio na kutetea kanuni, huku wakihitilafiana kuhusu kanuni yenyewe. Tofauti ni kwamba fanani hurekebishwa papo hapo na hadhira yake, ilhali filamu iliyokamilika haimsikii aliye mbele yake. Lalamiko baada ya onyesho ndilo uchangiaji pekee uliobaki kwa hadhira.

5.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba maoni ya watazamaji kuhusu uaminifu yanastahili kuchanganuliwa kama uhakiki, bila kulazimika kuyakubali kama hukumu. Kigezo cha uaminifu hakiwezi kutuambia kama filamu ni nzuri. Katika hilo wananadharia wako sahihi. Kinachoweza kufanya ni kutufichulia namna riwaya ilivyosomwa, na hilo ni jambo ambalo uchanganuzi wa matini peke yake hauwezi kulifikia.

Yapo matokeo ya kimbinu kwa watafiti wanaoandaa hojaji kuhusu upokezi wa filamu na tamthilia zilizohawilishwa. Kumwuliza mtazamaji kama filamu imekuwa aminifu kwa riwaya huzaa jibu la ndiyo au hapana, na jibu hilo halina manufaa makubwa. Linalofaa zaidi ni kumwuliza ni badiliko gani angelisamehe, lipi asingelisamehe, na kwa nini. Katika pengo lililo kati ya majibu hayo mawili ndimo inamopatikana riwaya kama alivyoipokea.