Maniema: Masta ya teknolojia ya elimu, namna ya kuimaliza ukiwa Kama

Mwalimu wa Kama, katika wilaya ya Pangi, jimboni Maniema, anaweza kujiandikisha kwa masta ya teknolojia ya elimu bila kuacha darasa lake. Chuo Kikuu cha Strasbourg, nchini Ufaransa, kimefundisha masta ya aina hiyo kwa mbali, na walimu wengi wa Afrika waliifuata kwa msaada wa AUF, shirika la vyuo vikuu vinavyotumia Kifaransa, lililoanzishwa Montréal mwaka 1961.

Kuingia ni jambo moja, kumaliza ni lingine.

Kizuizi cha kwanza ni karatasi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, DRC inafuata mfumo wa LMD: lisansi miaka 3, masta miaka 2, doktora miaka 3. Zamani ilikuwa gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Mwenye lisansi ya zamani ana miaka 5 ya chuo kikuu, lakini cheti chake kina jina ambalo leo linatolewa baada ya miaka 3. Kabla ya kulipa hata franka moja, aombe chuo kimjibu kwa maandishi ataanzia mwaka gani.

Kizuizi cha pili ni memware. Masomo mtu anaweza kuyapakua siku ambayo mtandao ni mzuri, akayasoma nyumbani taratibu. Memware inaomba zaidi: utafiti, sura za kutuma kwa mkurugenzi, masahihisho, kisha kutetea kazi mbele ya majaji. Mwenye kuchagua mada inayohitaji chumba chenye kompyuta 30 atakwama, kwani hatakuwa na mahali pa kuifanyia majaribio.

Lakini teknolojia ya elimu si kompyuta peke yake. Mwezi Machi 2020, shule zote za nchi zilipofungwa kwa sababu ya Covid-19, Radio Okapi ilipeleka masomo hewani kwa kipindi cha Okapi École. Redio inaomba mawe mawili ya betri tu. Somo lililorekodiwa linaingia pia katika kadi ya memori ya simu ndogo, na halitumii mega.

Je, mtoto wa darasa la sita, aliyeanza shule kwa Kiswahili, anaelewa kweli hesabu anayoisikia redioni kwa Kifaransa? Mwanafunzi wa masta anaweza kulijibu swali hilo akiwa Kama. Achukue madarasa mawili yanayofanana, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na wazazi. Ayape jaribio moja kabla ya somo. Darasa moja lisikilize somo lililorekodiwa, lingine lifundishwe kama kawaida, kisha yote mawili yarudie jaribio. Kalamu, daftari na simu vinatosha, na mtandao unahitajika tu siku ya kutuma sura.

Jibu lina uzito. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na watoto wamejaa madarasani. Mwalimu mmoja hawezi kumfikia kila mtoto. Kama sauti iliyorekodiwa inamsaidia, ajue. Kama haimsaidii, ajue pia, ili pesa zisipotee.

Baada ya kutetea, nakala moja ya memware ibaki shuleni, nyingine kwa inspekta. Diploma ni ya aliyesoma, lakini majibu ni ya watoto waliofanya jaribio.